Kuchinja Kuku wa Mradi: Somo Lisiloandaliwa

Katika vyuo vyetu vya ualimu, na katika shule nyingi za msingi ambako wanachuo huenda kufanya mazoezi ya kufundisha, mradi wa kuku wa nyama ni jambo lililozoeleka. Vifaranga huletwa wakiwa wa siku moja, banda hutandazwa maranda, jiko la mkaa huwashwa, zamu hupangwa, na daftari la mradi hufunguliwa. Kwa muda wa majuma sita wanafunzi hufundishwa mambo mengi yenye manufaa: joto linalomfaa kifaranga, kiasi cha chakula, chanjo, usafi wa vyombo vya maji. Kisha siku moja kuku hawapo. Ama mchuuzi amekuja na matenga yake akawachukua wakiwa hai, ama wamepelekwa jikoni na kurudi wakiwa katika mchuzi. Daftari hufungwa kwa mstari mmoja unaosema kwamba kuku wamekwisha.

Sisi twaona kwamba hapo ndipo somo linapokatwa katikati. Siku ya kuchinja ni sehemu ya somo kama ilivyo siku ya kupokea vifaranga, nayo yastahili kuwamo katika azimio la kazi na kuwa na andalio lake. Hatusemi hivyo kwa sababu tumelisoma jambo hili kitabuni. Twasema kwa sababu tuliwahi kulifanya bila andalio, na aibu ya siku ile bado tunayo.

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe, wanafunzi washiriki katika kupanga, kuweka hesabu na kuona matokeo ya uamuzi wao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likatilia mkazo kuunganishwa kwa elimu na kazi. Sote twajua yaliyotokea mahali pengi baadaye: jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mradi ukawa njia ya kupata kitoweo cha wageni. Wala kujifunza kwa mikono si wazo la watu wa hapa peke yao. Katika shule ya majaribio aliyoifungua John Dewey huko Chicago mwaka 1896, watoto walipika, walifuma na kufanya kazi za mbao kama sehemu ya masomo yao. Bibi zetu, bila shaka, hawakungoja habari kutoka Chicago ndipo wawafundishe wajukuu kumnyonyoa kuku.

Sasa tueleze yaliyotupata. Miaka michache iliyopita chuo chetu kilipokea vifaranga 100. Saba walikufa katika juma la kwanza, wengi wao katika usiku mmoja ambapo mkaa ulizimika na mwenye zamu akapitiwa na usingizi. Tangu usiku ule wanachuo walilala karibu na banda kwa zamu, wawili wawili. Miongoni mwao alikuwapo mwanachuo mmoja wa kike, mtu wa maneno machache, ambaye alizishika zamu zake na za wenzake walioumwa, na ambaye mwandiko wake ndio ulioijaza sehemu kubwa ya daftari la mradi. Alijua kuku yupi alikuwa mnyonge na yupi aliwafukuza wenzake chomboni.

Juma la sita lilipofika, iliamuliwa kuku 40 wachinjwe kwa chakula cha siku ya wazazi, na waliosalia wauzwe. Sisi tukapewa jukumu la kusimamia. Yapasa tukiri kwamba hatukuwa tumepata kuchinja kuku hata mmoja. Tulikulia mjini, katika nyumba ambamo kuku alifika jikoni akiwa amekwisha kuchinjwa na jirani yetu Mwislamu, mzee aliyeitwa kila sikukuu ili chakula kiweze kuliwa na watu wote. Stashahada ya ualimu nayo haikuwa na neno juu ya jambo hili. Badala ya kusema hivyo mbele ya wanachuo, tulichora shingo ya kuku ubaoni, tukaonyesha kwa mshale mahali pa kukata, tukawauliza kama wameelewa. Walijibu kwa sauti moja kwamba wameelewa. Kila mkufunzi ajua thamani ya jibu la namna hiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe kila kitu kilikwenda mrama. Kuku walikuwa wamekula usiku kucha. Walikamatwa mchana kweupe kwa kukimbizwa, wakaletwa wakiwa wameninginizwa kwa mguu mmoja, wanahema. Kisu kilitoka jikoni, nacho kilikuwa kile cha kukatia kabichi. Kijana mmoja alijitokeza akasema kwao amechinja mara nyingi, nasi tukafurahi kumpata, kwa kuwa alituondolea mzigo. Aliposhika kisu ikaonekana wazi kwamba hakikati. Akawa anakereza kama akatavyo ubao. Kuku akamponyoka, akakimbia katikati ya watu akivuja damu shingoni, na kundi zima likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu walioingiwa na hofu, lakini wakati ule hatukukitambua hivyo. Kuku alipokamatwa tena na kumalizwa, tulimwona yule mwanachuo wa zamu za usiku amesimama na ndoo mkononi, machozi yanamtoka. Tukamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu halii kwa ajili ya kitoweo." Kicheko kikazidi. Akaiweka ndoo chini, akaenda zake.

Yaliyofuata twaweza kuyapita upesi. Maji yalikuwa yakitokota, basi kuku walipotumbukizwa ngozi ilitoka pamoja na manyoya. Vifuko vya chakula vya shingoni, vikiwa vimejaa, vilipasuka juu ya nyama. Nyongo zilipasuka. Meza ya kunyonyolea ndiyo iliyokuwa meza ya kupasulia. Kuku watano ilibidi wafukiwe. Na wakati wa chakula wanachuo Waislamu waliuliza nani aliyechinja na kama alitaja jina la Mwenyezi Mungu. Jibu lilipokosekana, wakala wali kwa maharage. Haki ilikuwa yao.

Jumatatu tulikaa darasani kuujadili mradi, kama ilivyo desturi. Tulizungumza juu ya hesabu, juu ya soko, juu ya vifo saba. Yule mwanachuo alinyosha mkono mwishoni kabisa. "Mwalimu," akasema, "katika daftari kuna siku arobaini za namna ya kuwaweka hai. Ni siku gani tuliyofundishwa namna ya kuwaua?" Hakusema kwa ufidhuli. Aliuliza kama mtu anayetafuta ukurasa uliopotea. Hatukuwa na jibu, nasi tulimwambia hivyo, na siku hiyo hiyo tukamwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomcheka.

Tangu hapo tumebishana na wakufunzi wenzetu mara nyingi juu ya jambo hili, na yafaa msomaji azijue hoja zao, kwa sababu atakutana nazo katika ofisi ya walimu ya shule atakayopangiwa. Wako wanaosema kwamba mtoto wa Kiafrika hahitaji kufundishwa kuchinja, kwani ameliona jambo hilo tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mtoto wa kijijini aghalabu amekwisha kumshikia baba yake miguu ya jogoo, na huenda akamzidi mwalimu wake aliyekulia mjini. Sisi wenyewe ni ushahidi. Lakini alichokiona nyumbani ni kuku mmoja wa kienyeji kwa ajili ya mgeni mmoja, aliyeliwa kabla jua halijazama. Hajaona kuku 40 kwa asubuhi moja, wala kuku aliyepewa dawa ambayo lebo yake yataja siku za kungoja kabla ya nyama kuliwa. Hajaona nyama inayopaswa kulindwa katika joto hadi wageni wafike. Mradi wa shule una mambo yake, na mambo hayo hayajulikani kwa kuzaliwa.

Wako wengine, nao ni wachache lakini wana sauti kubwa, wasemao kwamba kila mwanachuo sharti ashike kisu, apende asipende, eti huo ndio ujasiri wa mwalimu. Hapa hatukubaliani nao hata kidogo. Mkono unaotetemeka kwa kulazimishwa haukati vizuri, na anayelipa gharama ya mtetemeko huo ni kuku. Ujasiri wa mwanachuo usinunuliwe kwa maumivu ya mnyama. Tunachodai sisi ni kwamba kila mwanachuo awepo tangu kukamata hadi chunguni, na kila mmoja awe na kazi ya mikono yake. Lakini kisu cha shingoni ni cha aliyekubali na aliyefundishwa.

Je, atafundishwaje bila kuku kuwa chombo cha majaribio? Swali hili lilitusumbua sana. Mwaka uliofuata tulimwendea mzee mmoja wa msikiti ulio karibu na chuo, ambaye amechinja maisha yake yote, tukamwomba awe mwalimu wetu, sisi wakufunzi kwanza. Alianza kwa kutukabidhi kinoo. Asubuhi nzima hatukugusa kuku, tulinoa visu. Kisu kilipoweza kuchana karatasi iliyoshikwa hewani bila kuivuta, ndipo alipotosheka. Kisha alichinja kuku mmoja mwenyewe, na baada ya hapo kila mmoja wetu alijifunza juu ya kuku aliyekwisha kufa: namna ya kuirudisha ngozi ya shingo kwa kidole gumba, namna ya kulipapasa koo chini kidogo ya taya, namna ya kukata mara moja kwa kisu kirefu cha kutosha ili koo, umio na mishipa miwili mikubwa ya damu ikatike kwa pamoja. Tuliushika mzoga ule mara nyingi kabla ya kumshika aliye hai. Hivyo ndivyo tunavyowafundisha wanachuo sasa, na kila anayechinja kwa mara ya kwanza husimama na mkufunzi mmoja pembeni yake, si mbele ya watu arobaini.

Mambo mengine yalirekebishika kwa urahisi, hata tukaona haya kwamba hatukuyafikiri mapema. Chakula huondolewa bandani saa mbili usiku na maji huachwa. Kuku akichinjwa saa moja asubuhi kifuko chake cha chakula ni kitupu na utumbo una uchafu kidogo. Kukamata hufanywa alfajiri kabla ya mwanga, wakati kuku wametulia, kwa mikono miwili iliyoyabana mabawa. Kuku huingizwa katika gunia dogo lililokatwa pembe moja ili kichwa kitokeze na mabawa yasipigepige. Hulazwa, huelekezwa kibla, jina la Mungu hutajwa. Akishachinjwa huning'inizwa kichwa chini ndani ya dumu la mafuta lililokatwa kitako na kupigiliwa mtini, damu ipate kuchuruzika kwa muda wa dakika mbili au tatu. Hapo wanachuo huambiwa mapema kwamba mwili utatikisika na mabawa yatapiga baada ya fahamu kutoweka, kwa sababu misuli hujikaza yenyewe ubongo unapokosa damu. Laiti tungalisema maneno hayo mwaka wa kwanza, nusu ya hofu ya siku ile isingalikuwapo.

Juu ya maji ya kunyonyolea yafaa tukae kidogo, kwa kuwa hapo pana somo zuri la hesabu. Kuku hunyonyoka vyema katika maji ya nyuzi 60 hivi, akizamishwa kwa dakika moja. Maji yanayotokota hupika ngozi. Shule nyingi hazina kipimajoto, lakini zina ndoo mbili zilizo sawa. Ndoo moja ya maji yanayochemka, nyuzi 100, ikichanganywa na ndoo moja ya maji ya kawaida ya nyuzi 25, wastani wake ni nyuzi 62 na nusu. Chombo chenyewe nacho hunyonya joto kidogo, basi tunafika pale pale tunapopataka. Mwanafunzi wa Darasa la Sita aliyepiga hesabu hiyo kwenye daftari lake, kisha akaona manyoya yakitoka kwa kuvutwa kwa vidole viwili, hatauliza tena wastani una faida gani. Na kama shule iko mahali palipoinuka kama Njombe, mwalimu aweza kuongeza swali jingine: kwa nini maji huchemka huko kabla ya kufika nyuzi 100, na tufanye nini katika mchanganyiko wetu?

Hesabu ya mizani nayo haipatikani kwa kuku aliyeuzwa akiwa hai. Tuliwapima kuku kumi wakiwa hai: kilo 19. Baada ya kuchinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, walikuwa kilo 13.8, yaani chini kidogo ya asilimia 73. Kila mmoja alikuwa amekula karibu kilo tatu na nusu za chakula. Kwa hiyo kilo moja ya nyama safi ilitugharimu kilo mbili na nusu za chakula cha dukani. Wanachuo walibishana vikali: je, vichwa, miguu na firigisi ni hasara au ni mali? Sokoni huuzwa, na wako wanaovipenda kuliko kidari. Ubishi ule uliwafundisha maana ya mapato na matumizi kuliko mihadhara yetu mitatu juu ya mada hiyo.

Kisha kuku hufunguliwa, na hapo Sayansi huanza kusema yenyewe. Mapafu, ambayo ubaoni huchorwa kama majani mawili, huonekana yamejibana katika mbavu kiasi cha kuhitaji kuchokolewa kwa kidole. Moyo ukipasuliwa waonyesha vyumba vinne, kama wa binadamu. Firigisi ya kuku wetu wa mradi huwekwa kando ya firigisi ya kuku wa kienyeji, nayo ya pili hukutwa na changarawe nyingi ndani yake. Wanafunzi huulizwa kwa nini. Katika kuku jike huonekana ovari moja tu iliyokua, ile ya upande wa kushoto. Ini lenye madoa huwekwa pembeni, nyama yake hailiwi, na mwalimu hupata nafasi ya kufundisha kwamba macho ya mchinjaji ni kinga ya kwanza ya mlaji. Nyongo hutolewa pamoja na kipande kidogo cha ini ili isipasuke. Tumefundisha mfumo wa chakula kwa picha kwa miaka kadhaa, na hatukupata kuona mwanachuo akitoka darasani anaeleza alichokiona. Baada ya kazi hii huzungumza mpaka bwenini.

Usafi hautaki maneno mengi. Meza ya manyoya na meza ya nyama zisiwe moja. Mikono, visu na vibao vioshwe kwa sabuni kila mara. Nyama iingie katika maji safi yaliyo baridi upesi, na pasipo na jokofu ipikwe siku hiyo hiyo. Matumbo na damu vifukiwe ndani ya shimo ambalo mbwa hawatalifukua; manyoya yaenda vizuri katika shimo la mboji. Kuku aliyekufa mwenyewe kabla ya kisu ni kibudu, na haliwi hata kama amekufa dakika tano zilizopita.

Swali la nani achinje ni zito kuliko yote haya, ingawa walimu wengi hulipita kwa haraka. Kwa desturi ya muda mrefu nchini mwetu, nyama ya watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili pasiwepo anayeachwa nje ya sinia. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya kuchinja uliishia kumwaga damu ya binadamu. Mwalimu anayesimamia mradi wa kuku asijidanganye kwamba jambo hili ni la jikoni tu. Sisi tumeamua hivi: kabla ya siku yenyewe tunaketi na wanachuo wa dini zote, tunauliza, tunakubaliana, na makubaliano yanaandikwa katika daftari la mradi. Mwanachuo Mkristo aliyejifunza kuchinja huchinja kuku ambao wametengwa na kujulikana kuwa ni wa waliokubali kula. Njia hii ina usumbufu wa kuweka vyungu viwili. Twauona ni usumbufu mdogo.

Na je, katika shule ya msingi? Hapa twasema bila kusitasita kwamba mtoto asipewe kisu cha kuchinjia. Achinje mtu mzima mwenye kujua, na watoto waingie kuanzia kunyonyoa, tena wale wa Darasa la Tano na kuendelea. Walio chini ya hapo wanatosheka na kuku aliye hai, yai, na unyoya wa kutazamwa kwa makini. Mtoto anayeomba kutotazama aruhusiwe bila kuulizwa sababu na bila kuchekwa. Apewe mizani au daftari. Yule anayetazama kwa kufurahia mno, anayetaka kumchokoza kuku kabla ya kuchinjwa, huyo ndiye wa kumvuta kando na kuzungumza naye. Katika shule ya mazoezi tumewaona wote wawili katika darasa moja.

Huko huko mtoto mmoja alimuuliza mwanachuo wetu swali ambalo halikuwamo katika andalio lake: mbona tusiwaache tu waendelee kuishi? Mwanachuo aligutuka, lakini alijibu vizuri baada ya kujiandaa usiku ule. Kuku huyu amefanywa na binadamu ili akue upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walieleza mwaka 2014 kwamba waliwafuga pamoja, kwa chakula cha aina moja, kuku wa ukoo wa mwaka 1957 na wa ukoo wa mwaka 2005. Walipofikisha siku 56, wale wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, na wale wa pili gramu 4,202. Mwili wenye haraka namna hiyo huilemea miguu, na moyo nao hushindwa. Tuliwahi kuwaacha watatu wasichinjwe, na baada ya majuma machache wawili walikuwa hawawezi kufika kwenye maji. Mtoto alisikiliza, akasema, "Basi mwalimu, aliyewafanya hivyo ndiye wa kuulizwa." Mwanachuo aliandika maneno hayo katika taarifa yake ya mazoezi ya kufundisha. Sisi tulipoisoma taarifa hiyo hatukuweka alama ya kosa wala ya sahihi mahali hapo.

Yule mwanachuo wa zamu za usiku alikuwa bado nasi siku ya kuchinja kwa mara ya pili. Tulikuwa tumemwambia kwamba yu huru asije. Alikuja kabla ya wote, alfajiri, akiwa amevaa kanga kuukuu juu ya sare yake, akaingia bandani kuwakamata kuku. Hakuna aliyewakamata vizuri kama yeye. Walitoka mikononi mwake wametulia, macho yamefumbwa nusu. Kuku aliyempa mzee wa msikiti wa kwanza alimshikilia mwenyewe ndani ya gunia mpaka alipoacha kutikisika. Kisha alikwenda kwenye meza ya pili, akashinda hapo akitoa mapafu na nyongo na kuwaonyesha wenzake namna ya kufanya. Kisu cha shingoni hakukishika, nasi hatukumwomba akishike.